UZI: Jikoni kwa Bowne. Kwa nini nyumba ya mkulima Mkweka ya mwaka 1661 inastahili kulindwa kama ngome ya mfalme

#1 mwanavihiga (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye uzi wa magofu ya Kilwa mdau mmoja aliuliza swali ambalo limenikaa kichwani. Jumba la sultani tunalielewa, alisema, na ngome tunaielewa, lakini nyumba ya mkulima wa kawaida, ya mbao, isiyo na nakshi wala minara, inahifadhiwa ya nini? Nimeona nimjibu kwa nyumba moja ninayopita mbele yake karibu kila wiki.

Mimi ni wa Vihiga, magharibi ya Kenya. Nimelelewa katika kanisa la Marafiki, wale ambao wengi huwaita Wakweka, na sasa naishi Queens, New York. Ukishuka treni namba 7 kituo cha mwisho, Flushing, unatokea katikati ya maduka ya Wachina na Wakorea, mboga na samaki zimepangwa hadi njiani, watu wamebanana kama Kariakoo siku mbili kabla ya Idi. Tembea kidogo mpaka Mtaa wa Bowne. Hapo, baina ya maghorofa, ipo nyumba ya mbao yenye paa la mteremko mkali, imetulia ndani ya bustani yake. Ilijengwa yapata mwaka 1661.

Aliyeijenga ni John Bowne, Mwingereza, mzaliwa wa Matlock huko Derbyshire, mwaka 1627. Alikuwa mkulima na mfanyabiashara. Eneo lile lilikuwa chini ya Waholanzi wakati huo, na gavana wao, Peter Stuyvesant, alitaka kanisa moja tu, la kwao. Wakweka walimkera kuliko wote: hawavui kofia mbele ya mkubwa, hawali kiapo, hawana padri, na wanawake wao wanahubiri. Mwaka 1657 kijana mmoja mhubiri, Robert Hodgson, alikamatwa akachapwa viboko hadi watu wakamwonea huruma. Ikatoka amri kwamba anayempokea Mkweka nyumbani kwake, hata kwa usiku mmoja, atatozwa faini.

Tarehe 27 Desemba 1657 wakazi 30 wa Flushing wakamwandikia gavana waraka wa kuikataa amri hiyo. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Mkweka. Waliandika kwamba upendo, amani na uhuru vinawafikia hata Wayahudi na Waturuki, na kwa lugha ya siku zile Mturuki maana yake Mwislamu. Sasa iweje visimfikie jirani anayesali tofauti? Karani wa mji, Edward Hart, aliyeuandika, akawekwa ndani. Wengine wakabanwa mpaka wakanywea.

Bowne hakutia saini waraka ule. Aliyemwingiza katika mambo haya ni mke wake, Hannah Feake. Hannah ndiye aliyeanza kwenda kwenye mikutano ya Wakweka, iliyofanyika porini kwa kuwa hapakuwa na pa kukutania. Mume akaenda kujionea, akaguswa, akawaambia: njooni nyumbani kwangu.

Mwaka 1662 akakamatwa kwa hilo. Alitozwa pauni 25 za Kiflemi, fedha iliyotumika kwa Waholanzi siku zile, akakataa kulipa, akafungwa, na mwanzoni mwa 1663 akapakiwa merikebuni kuelekea Ulaya, akiacha nyuma mke, watoto na shamba. Hakunyamaza. Alifika Amsterdam akalalamika mbele ya wakurugenzi wa Kampuni ya Kiholanzi ya West India, mabosi wa Stuyvesant wenyewe. Aprili 1663 wakurugenzi wakamwandikia gavana wao kwamba aache dhamiri za watu huru, maadamu wanakaa kwa utulivu na hawapingi serikali. Sehemu kubwa ya sababu yao ilikuwa biashara, maana koloni changa linataka watu, na ukiwafukuza wanaokuja nani atalima? Bowne akarudi kwake mwaka 1664.

Sasa nifike kwenye hoja. Waraka wa 1657 bado upo Albany, makao makuu ya jimbo la New York, kingo zake ziliungua katika moto wa jengo la bunge mwaka 1911. Barua ya Amsterdam inasomeka. Shajara ya Bowne mwenyewe imebaki. Ukiwa na karatasi zote hizo, unahitaji nyumba ya nini?

Jibu langu ni kwamba kosa la Bowne lilikuwa kufungua mlango. Hakuandika kitabu wala kushika silaha. Alifungua mlango wa nyumba yake, watu wakaingia, wakakaa. Mapokeo ya nyumba yanasema walikaa jikoni, penye meko. Ukiingia pale unaelewa kitu ambacho karatasi haikwambii, nacho ni udogo wa mahali. Dari liko karibu na kichwa. Boriti unaigusa kwa mkono. Ibada ya Wakweka wa kale ilikuwa ukimya, watu wanakaa mpaka mmoja asukumwe moyoni kusema neno. Sisi Vihiga tunaimba na ngoma inapigwa, lakini nilipokaa kimya pale nilimkumbuka nyanya yangu, aliyekuwa akizima redio dakika kadhaa kabla ya kusali na kutuambia tusubiri. Nilikuwa sijui alilitoa wapi jambo lile.

Tukubaliane au tupingane, karibuni.

#2 Seremala_Tanga

Mkuu, uzi mzuri. Mimi ni fundi wa mbao, swali langu ni la kifundi. Mbao miaka zaidi ya 360, mvua, theluji, mchwa. Hapo kweli kumebaki nini cha mwaka 1661? Nimeshuhudia majahazi: unabadilisha ubao leo, mkuku mwaka kesho, baada ya miaka thelathini jahazi lina jina lile lile na mbao zote ni mpya.

#3 mwanavihiga (mtoa mada)

Fundi, umegusa penyewe. Kiunzi cha sehemu ya kwanza ni cha nguzo na boriti nzito, zimeshikana kwa ulimi na tundu na kufungwa kwa vigingi vya mbao. Wanaoisoma wanasema imechanganya ujenzi wa Kiingereza na wa Kiholanzi, na hilo peke yake ni ushahidi wa nani alikuwa akiishi na nani. Vinavyopigwa na hali ya hewa, kama ubao wa nje na kifuniko cha paa, hivyo hubadilishwa, haviwezi kukaa milele.

Lakini nyumba haikubaki ile ya Bowne mwaka ule wa kwanza. Iliongezwa vyumba kabla ya karne ya 17 kwisha, ikaongezwa tena karne ya 19. Vizazi tisa vya ukoo mmoja viliishi humo mpaka mwaka 1945. Kila kizazi kilitoboa, kikaziba, kikapaka.

Na hapa ndipo wataalamu wanapogawanyika. Kuna nyumba nyingine ya Wakweka, ya mawe, kule Pennsylvania, inaitwa Brinton 1704. Jina ndilo mwaka wake. William Brinton mdogo aliijenga, kuta zake zina unene wa inchi 22. Miaka ya 1950 waliirudisha katika sura ya 1704, hata madirisha ya vioo vidogo vilivyounganishwa kwa vipande vya madini ya risasi yakawekwa upya. Ni nzuri mno, unaona kabisa mlowezi wa mwanzo alivyoishi. Ila mimi kwa moyo wangu napenda zaidi njia ya Flushing, ambako hawakuwafuta wajukuu ili wampate babu. Ukiondoa chumba cha karne ya 19 kwa sababu si cha Bowne, unaondoa pia mambo yaliyotendeka karne ya 19, na kwa nyumba hii hayakuwa madogo. Ukoo wa Parsons, wajukuu wa Bowne walioishi humo, walikuwa katika mtandao wa kuwavusha watumwa waliotoroka kusini. Mlango ule ule ulifunguliwa mara ya pili.

#4 Seremala_Tanga

Ulimi na tundu na kigingi, hiyo naijua. Kigingi kinakazwa na mbao yenyewe inapokauka, msumari ungekula kutu zamani. Nakubaliana nawe kuhusu kuongezwa. Fundi wa pili huacha alama yake juu ya alama ya fundi wa kwanza, ukijua kusoma unaona walivyojibizana.

#5 mpitanjia_DSM

Wamarekani wana hela ya kuchezea. Kiwanja katikati ya mji kama huo ni mabilioni. Si wangeihamishia makumbusho huko nje ya mji, pale wajenge nyumba za watu?

#6 mwanavihiga (mtoa mada)

Mkuu, hela hazikuwa za serikali mwanzoni. Mwaka 1945 wakazi wa mtaa ndio walioanzisha chama, wakainunua kutoka kwa ukoo, na mwaka 1947 ikafunguliwa kama makumbusho. New York yenyewe haikuwa na sheria ya maana ya kulinda majengo. Ilibidi kwanza wabomoe kituo kikubwa cha treni cha Penn, kuanzia mwaka 1963, watu walie, ndipo sheria ikapita 1965. Nyumba ya Bowne ikaandikishwa mwaka 1966.

Kuhusu kuihamisha, mfano upo hatua chache tu kutoka hapo. Nyumba iitwayo Kingsland, ya karibu mwaka 1785, nayo ya ukoo wenye asili ya Wakweka, ilihamishwa mara mbili, ya mwisho mwaka 1968. Imesalimika, na nawashukuru walioiokoa, maana bila kuhamishwa isingekuwepo. Lakini ukiitazama unaona nyumba iliyopoteza shamba lake na barabara yake. Ya Bowne iko palepale. George Fox, mwanzilishi wa Wakweka, alipofika Flushing mwaka 1672 alihubiri chini ya mialoni mbele ya nyumba hii kwa sababu watu hawakuenea ndani. Mialoni haipo tena, ila mahali pake panajulikana, na umbali kutoka mlangoni unaupima kwa miguu yako. Ukiihamisha nyumba, umbali huo unaupeleka wapi?

Tena utembee Mtaa huohuo wa Bowne uone palivyo leo. Kuna hekalu kubwa la Wahindu, na makanisa, misikiti, masinagogi na nyumba za ibada za Wabuddha ziko mitaa ya jirani. Jumba la ibada la Wakweka la mwaka 1694 bado lipo na bado linatumika. Muumini wa hekalu lile hahitaji kueleweshwa kwa nini mkulima aliyefungua mlango wake anahusika naye.

#7 Binti_Ngara

Kaka, nimekusoma kwa heshima, ila kuna kitu kinanisumbua. Unasema "mlowezi" kama neno la kawaida. Sisi tuliotoka nchi zenye walowezi tunajua neno hilo lina maana gani. Ardhi ya shamba la Bowne ilikuwa ya nani? Na Wakweka wenyewe hawakuwa na watumwa? Isije ikawa tunapiga makofi kwa uhuru wa dhamiri wa mtu aliyekalia ardhi ya mwenzake.

#8 mwanavihiga (mtoa mada)

Dada, nashukuru kwa kuuliza, maana bila hilo uzi huu ungekuwa nusu.

Ardhi ile ilikuwa ya Wamatinecock, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Waholanzi walitoa hati ya mji wa Flushing kwa walowezi wa Kiingereza mwaka 1645, mara tu baada ya vita vikali kati ya gavana aliyemtangulia Stuyvesant na wenyeji. Hati iliandikwa na watu ambao ardhi haikuwa yao. Shamba la Bowne liko juu ya hati hiyo.

Na nikupe jambo linaloniumiza zaidi. Mwaka 1931 walipopanua barabara ya Northern Boulevard, upande wa Little Neck, humuhumu Queens, walikuta makaburi ya Wamatinecock. Waliyafukua. Mifupa ikapelekwa kuzikwa uwanjani kwa kanisa moja Douglaston, chini ya jiwe lililoandikwa kwamba hapa wamelala wa mwisho wa Wamatinecock. Lakini hawakuwa wa mwisho: wazao wao wapo hai hadi leo na wanalisema hilo waziwazi. Barabara hiyohiyo ndiyo inayopita mbele ya jumba la Wakweka la 1694. Upande mmoja jengo la walowezi likaachwa lisimame, upande wa pili kaburi la mwenyeji likafukuliwa ili magari yapite. Nikipima thamani ya urithi kwa haki, lazima niweke mambo hayo mawili kwenye mizani moja.

Kuhusu watumwa, ndiyo, miongoni mwa Wakweka wa mwanzo Marekani walikuwamo wenye watumwa. Mwaka 1688 Wakweka wachache wa Germantown, Pennsylvania, waliandika kupinga utumwa, na wakubwa wao wakaiweka barua kando. Ilichukua mpaka mwaka 1776 mkutano wa mwaka wa Philadelphia kuwakataza kabisa wanachama wake kumiliki watu. Miaka 88! Mzao mmoja wa John Bowne, Robert Bowne, alikuwa kati ya waanzilishi wa chama cha kuwakomboa watumwa New York mwaka 1785.

Mimi nasema nyumba isimame, na hayo yote yasemwe humo ndani kwa sauti ileile wanayotumia kusimulia kifungo cha Bowne. Nyumba ikibomolewa, Wamatinecock hawarudishiwi ardhi. Panajengwa ghorofa, na hakuna mtu tena atakayeuliza swali ulilouliza.

#9 Binti_Ngara

Hilo la makaburi nimelisoma mara mbili. Basi nakubali isimame, kwa sharti lako hilohilo.

#10 ChakeChake_mkongwe

Wanangu, salamu kutoka Pemba. Mnazungumza kana kwamba Wakweka ni habari ya Vihiga na Marekani tu. Huku kwetu walifika mwaka 1897, mwaka ule ule Sultani alipotia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Walikuwa Waingereza. Walinunua shamba la karafuu pale Banani, wakawapa waliotoka utumwani kazi ya ujira na mahali pa kukaa. Mzee Theodore Burtt aliishi huku miaka mingi. Nilipokuwa mdogo wazee walikuwa wakisema "shamba la Marafiki", na sisi watoto tulidhani ni marafiki wa mtu fulani.

Nimelitaja kwa sababu ya swali la binti hapo juu. Kwetu pia walikuja juu ya ardhi yenye historia ya watu wengine. Walionyanyuliwa walishukuru, na wapo waliosema kazi ya karafuu ni kazi ya karafuu, hata akiisimamia Rafiki. Yote mawili niliyasikia kwa masikio yangu.

#11 mwanavihiga (mtoa mada)

Shikamoo mzee wangu. Hili la Banani nilikuwa nalijua kwa jina tu. Kwetu Kaimosi walifika miaka mitano baadaye, mwaka 1902, Wamarekani watatu: Arthur Chilson, Willis Hotchkiss na Edgar Hole. Huyo Chilson ndiye aliyekwenda kuanzisha kituo cha Kibimba, Burundi, mwaka 1934. Leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kwa hiyo mtu akiniuliza nyumba ya Flushing inakuhusu nini, namwambia tawi lilikatwa pale, likapandwa kwetu.

Na si mfano tu. Ukoo wa Parsons walikuwa wakuza miche. Mwaka 1847 Samuel Parsons alileta chipukizi la mti wa bichi wenye matawi yanayoning'inia, kutoka Ubelgiji, akaupanda karibu na hapo. Ulikufa mwaka 1998, lakini matawi yake yalipogusa udongo yalitoa mizizi, na watoto wake wamesimama wamepazunguka mahali ulipokuwa.

#12 mteja_wa_zamani

Uzi wa kusoma taratibu huu. Naweka alama nirudi.

#13 Lugari_kwetu

Ndugu mwanavihiga, nimekuwa nikisoma bila kuandika, sasa umenigusa pabaya. Babu yangu alijifunza kufyatua matofali na useremala kwa wamisheni wa Kaimosi. Alijenga nyumba yake mwenyewe kwa matofali ya kuchoma, vyumba vinne, milango aliipiga randa kwa mkono. Mikutano ya sala ya Alhamisi ilifanyika sebuleni kabla kanisa la kijiji halijajengwa. Sasa wajomba wanataka kuivunja mwezi ujao wajenge ya kisasa, na kusema kweli paa linavuja na upande mmoja una ufa. Nyumba ya mtu asiyejulikana popote. Nitawaambia nini?

#14 mwanavihiga (mtoa mada)

Ndugu yangu, Bowne naye alikuwa mtu asiyejulikana siku aliyofungua mlango.

Usianze na wajomba kwa maneno ya urithi, watakuona unawazuia maendeleo. Anza na paa. Muulize fundi gharama ya kubadilisha mabati na kuziba ufa, ulinganishe na gharama ya nyumba mpya. Ufa wa upande mmoja mara nyingi ni maji yanayodondoka kutoka paani na kulowesha msingi, ukiyaelekeza mbali ufa unaweza kutulia. Pili, pendekeza nyumba mpya ikae kando, ya zamani ibaki kwa wageni na matanga. Kama uwanja hautoshi, basi.

Na wakikataa yote, nenda kabla ya nyundo. Piga picha kila chumba kutoka pembe zote nne. Pima kwa futi, chora hata kwa penseli. Picha za karibu za viungo vya milango na boriti, za alama za vidole kwenye tofali kama zipo. Kisha keti na mzee yeyote aliyehudhuria sala za Alhamisi, mtembee naye ndani, akuonyeshe nani alikaa wapi. Fanya hilo kwanza, maana ukuta unaweza kusubiri mwezi, mzee huenda asisubiri.

#15 Seremala_Tanga

Naongeza: mlango uliopigwa randa kwa mkono usiuache upigwe shoka kuwa kuni. Ng'oa fremu nzima na bawaba zake, usitenganishe. Nyumba mpya inaweza kuuvaa.

#16 Lugari_kwetu

Nimewapigia wajomba jioni hii. Mmoja amekubali tuite fundi wa paa kwanza, mwingine amesema atafikiri. Halafu nikampigia shangazi, ana miaka 84. Nikamuuliza sala zilikaaje pale sebuleni. Akanyamaza kidogo, akasema wanawake walikaa upande wa dirisha kwa sababu ya watoto, babu alikaa karibu kabisa na mlango, na mlango ulikuwa haufungwi hata mvua ikinyesha. Naenda Jumamosi, yeye nitamchukua kwa gari.